Ngoma Haitibu

Bwana Vigezo halikuwa jina lake, lakini kila sentensi yake ilikuwa na neno hilo ndani, nasi hatukuwa na adabu ya kumwita vinginevyo. Ndiye aliyetumwa na wafadhili kukagua kituo chetu cha vijana. Alipita ukumbini, akawaona watoto wa mtaa wakipiga ngoma, wakicheza, wakigombania nani aanze, akauliza, "Hii ngoma inatibu nini?"

Nilimweleza. Mimi ni nesi, na chumba changu kilikuwa nyuma ya ukumbi huo. Kijana akiaga kwao husema, "Naenda ngoma," na hakuna anayemshuku. Katikati ya mazoezi, jasho likimtoka, anaingia kwangu kama anayetafuta maji, anachukua dawa zake, anarudi kucheza. Mtaani neno hilo lina maana mbili: ile inayopigwa, na ule ugonjwa ambao watu hawautaji. Vijana walilitania. "Sote hapa tuna ngoma!" walisema, wenye virusi na wasio navyo, wakaangua kicheko, na mwenye siri akajificha humo humo.

"Inapendeza," alisema Bwana Vigezo. "Lakini fedha ni za afya. Burudani haimo kwenye vigezo."

Wafadhili wakamwachisha kazi mwalimu wa ngoma, tuliyemwita Kelele. Ngoma zikafungiwa stoo. Mlango wangu wa ukumbini wakauziba kwa matofali, wakanitobolea mwingine unaotazama barabara, mkabala na kijiwe cha waendesha pikipiki. Juu yake wakatundika bango kubwa: KLINIKI YA VIJANA WANAOISHI NA VIRUSI. Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo ingeweza kuchemsha sindano.

Pini, binti mwembamba asiyekosa hata siku ya mvua, alifika ng'ambo ya barabara. Nilimwona. Akalitazama bango, akawatazama wale wa kijiwe, akageuka. Dawa zake zilikuwa zinaishia wiki hiyo. Anaishi kwa baba yake mdogo, ambaye hajui, na akijua atamfukuza. Nikienda kubisha hodi pale, nimemuuza. Simu yake ikawa haipatikani. Nikabaki na vidonge vyake mezani, nikimlaani mtu mmoja.

Mtu huyo akaja kabla wiki haijaisha, kamera shingoni.

"Walengwa wako wapi?"

"Waulize waliolenga."

Hakulipenda hilo. Alikaa kwenye benchi jipya akisubiri, mpaka akachoka. Hakuingia hata nzi. Akaaga, akafungua mlango, na kijiwe kizima kikamgeukia.

"Pole, mzee! Dozi umeanza lini?"

"Ndiyo maana kakonda!"

Akarudi ndani upesi, akaufunga mlango, akajifuta uso kwa tai.

"Nesi," alisema kwa sauti ya chini, "hakuna mlango mwingine?"

"Ulikuwepo, baba. Haukukidhi vigezo."

Nikamfungulia huo huo wa barabarani. Alitoka amejikinga uso kwa mkoba, na sikumhurumia hata chembe. Yeye alikuwa anakimbilia gari lenye kiyoyozi.

Nikampigia simu Kelele, akaja na nyundo kubwa. Akaugusa ukuta, akanitazama.

"Dada, haya matofali ni ya mfadhili. Utafukuzwa kazi."

"Wanifukuze. Vunja!"

Akavunja. Vumbi likatuingia hadi kooni. Tundu lilipotosha kupita mtu, alipita yeye wa kwanza, akang'oa kufuli ya stoo bila kuambiwa, akaitoa ngoma kubwa na kuiweka katikati ya ukumbi mtupu.

"Wachezaji hamna, dada. Nimpigie nani sasa?"

"Pini," nilisema. "Piga, Kelele. Piga mpaka baba yake mdogo mwenyewe amwambie, we mtoto, ngoma yenu hiyo inaita, nenda."