Kioo Hakiweki Akiba

Siku ya Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, nilifuta sauti ya mama yangu. Sikuifuta kwa hasira wala kwa uzembe. Niliifuta kwa sababu napenda mpangilio.

Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Hancock, Michigan, mji ambao babu zetu Wafini waliufuata kwa ajili ya shaba. Nje ya saa za shule mimi ni fundi wa kujifurahisha. Kompyuta inayobeba blogu yangu inanguruma chini ya ngazi za nyumba, nami kila Jumamosi huandika humo lolote linalonipitia kichwani: kwa nini simu mpya hazina tena tundu la waya wa masikioni, kwa nini watu wapole hugeuka mbwa mwitu mtandaoni wakishaficha majina yao. Wasomaji hawafiki mia mbili. Walichokipenda zaidi, hata hivyo, hakikuwa changu: kilikuwa kanda arobaini na moja ambazo mama, Aune, alijirekodi akisimulia ngano na umbeya wa mitaa ya mgodini, kwa kile Kifini cha hapa kwetu ambacho Wafini wa Ufini wakikisikia hucheka mpaka wakajifuta machozi.

Mimi na dada yangu Lempi hatukukijua. Sisi tulilelewa kwa Kiingereza. Kifini kilikuwa cha wakubwa, cha siri na cha matusi.

Nilizihamishia kanda zote kwenye kompyuta, nikaipa kila moja namba, jina, tarehe na urefu. Kisha kanda zenyewe nikazitupa. Kitu kimoja, mahali pamoja: ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu.

Jumanne hiyo niliona kwenye kompyuta kabrasha liitwalo "Mama" ndani ya kabrasha jingine liitwalo "Mama". Nikadhani ni marudio, nikalifuta la ndani. Dakika chache baadaye nikagundua kwamba la nje halikuwa na kitu ila orodha.

Sikuogopa mara moja. Nilikuwa na diski mbili, moja ikiiga kila linalofanywa na mwenzake. Nikafungua ya pili: nayo ilikuwa imefuta, kwa utiifu uleule. Nikaendesha programu ya kufukua faili zilizofutwa, ikaniletea utupu, kwa kuwa diski hizi za kisasa hujisafishia zenyewe nafasi iliyoachwa wazi. Tabia hiyo niliiwasha kwa mkono wangu, kisha nikaisifu kwenye blogu kwa aya sita.

Simu ikalia. Alikuwa Lempi.

"Wewe, Jumapili tunaanza na ipi? Mama huipenda ile ya ng'ombe aliyeingia chumba cha mvuke."

"Dada, kuna tatizo dogo."

"Tatizo dogo! Mara ya mwisho ulisema hivyo tukakaa siku mbili bila umeme."

"Nimezifuta."

"Umefuta nini?"

"Zote."

"Zirudishe basi. Si ndiyo starehe yako hiyo, kushinda na mashine?"

"Hazirudi."

"Onni, hayo kamwambie mtu mwingine. Mimi usiniambie."

Alikuwa na haki. Tangu Januari, mama alipopata kiharusi, hakuwa ametamka hata neno moja. Lakini kila Jumapili, katika nyumba ya wazee, tulipomchezea sauti yake mwenyewe, midomo yake iliifuata. Kwenye ile ya ng'ombe aliinua mkono na kujipiga gotini, palepale ambapo kofi lilisikika kwenye kanda. Daktari alituambia huo ndio mlango pekee uliobaki wazi.

Siku mbili nilizunguka mtandaoni kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Niliwaandikia wasomaji wote niliokuwa na anwani zao. Walinipa pole, hakuna aliyenipa sauti. Waliisikiliza kwangu, wakaamini itakuwepo kwangu daima.

Ndipo nilipomkumbuka Delphis, fundi wa mabasi kule Sudbury, msomaji mbishi kuliko wote. Nilipoandika kwamba diski zangu pacha ndizo akiba yangu, alinijibu mbele ya watu: "Mwalimu, hicho ni kioo. Ukinyoa ndevu, yule wa kwenye kioo anabaki nazo?" Wenzake wakacheka. Wiki iliyofuata akaanza kupakua kanda za mama mfululizo, tovuti ikawa nzito, nami nikamfungia nje kwa kosa la kukosa adabu. Nilijiambia ni kwa sababu ya uzito wa tovuti.

Nikamwandikia. Niliifuta barua ile mara nne, kisha nikaacha mistari mitatu: kwamba alisema kweli, kwamba nilimwonea, kwamba mama yangu hana sauti nyingine.

Jibu lilikuja Ijumaa, nikiwa katikati ya somo la sehemu. Nikawaacha wanafunzi na swali ubaoni.

"Mwalimu, pole sana. Sikuzipakua kukuudhi. Ninazo tatu tu. Ya tatu imekatika, maana hapo ndipo uliponifungia mlango."

Jumapili Lempi aliketi kushoto kwa mama, mimi kulia, kompyuta mpakato magotini. Ya kwanza ikapita, midomo ikaifuata. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa ya ng'ombe. Mama akachangamka, akaegemea mbele, sauti yake changa ikapanda, ikapanda, mkono wake ukainuka juu ya goti. Sauti ikakatika.

Mkono ulibaki hewani. Mama akanigeukia.

"Malizia," Lempi aliniambia kwa sauti ya chini. "Si wewe uliyeziorodhesha?"

"Dada, wewe huijui?"

"Mimi najua pa kuchekea tu. Mlango ulifunguliwa na nani? Ng'ombe alitokaje?"

Nilifungua orodha yangu, ile niliyokuwa nikijivunia. Namba tatu. Ng'ombe chumba cha mvuke. Dakika kumi na nne na sekunde tisa. Hadithi nzima nilikuwa nimeisikia mara kumi na zaidi, macho yangu yakiwa kwenye mistari ya sauti iliyochorwa kwenye skrini nisije nikaacha mkwaruzo, na kila mara nikijiambia kwamba siku moja nitamtafuta mtu anifasirie.

Mama aliendelea kunitazama, akingoja.

Nikairudisha mwanzo.