Kijiti cha Ombui

Ijumaa alasiri Nyanchera alikuwa akisiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, ili Sabato isimkute na vumbi. Shemeji yake Machogu alikuja akaegemeza ngazi ukutani. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mviringo, ukuta wa fito na udongo. Mumewe Ombui aliijenga mwaka wa arobaini na tisa, na kufikia sitini na tisa ndiyo pekee iliyobaki na paa la nyasi kwenye kilima kile cha Gesima. Wengine walikuwa na mabati.

Ombui alikuwa amezikwa Jumatano. Machogu alipanda, akang'oa kijiti cha kileleni mwa paa, kama desturi inavyotaka mwenye nyumba akifa.

Asubuhi kijiti kilikuwepo tena.

Jumapili aliking'oa tena. Jumatatu kilikuwepo, kirefu zaidi.

"Mama Orpah, wewe ndiye unapanda huku?"

"Kwa magoti haya?"

"Basi ni kaka. Hata akiwa mzima alikuwa mbishi."

Machogu alikasirika, na alikuwa na sababu. Kijiti kikisimama, mwenye nyumba yupo, na hakuna mtu anayemfukuza mke wa ndugu aliyepo. Yeye alitaka kiwanja chote pamoja na shamba la chai. Nyanchera alikuwa na binti mmoja tu, Orpah, wala hakuwa na mwana wa kiume wa kurithi.

Mwaka uliofuata karani wa ardhi alifika na wazee kuandikisha mashamba. Akatazama paa.

"Mwenye nyumba yupo. Aje aweke kidole gumba."

"Yupo pale kwenye migomba," Nyanchera alisema, akionyesha kaburi. "Hatoki. Niandike mimi."

Wazee walicheka. "Tukuandike kwa kijana yupi uliyemzaa?" aliuliza mzee Nyamongo.

Karani aliandika jina la Machogu, kisha akaomba maji ya kunywa. Nyanchera akampa.

Nyumba ilifanya ilichoweza. Nyasi za paa zilijiongeza zenyewe kila masika, na mvua ya mawe iliyotoboa mabati ya majirani haikumtonea hata tone. Machogu alichuma chai mpaka pale maji ya paa yanapoangukia. Hapo alisimama.

Sabato ya ushuhuda, Nyanchera aliinuka kanisani.

"Namshukuru Mungu kwa nyumba. Namshukuru na Ombui. Alijua kujenga."

Kanisa likasema amina. Machogu, mzee wa kanisa, aliisema kwa sauti kubwa kuliko wote, cheti cha shamba kikiwa kimekunjwa ndani ya Biblia yake.