Ubao wa Nne

Uso wa mama yangu niliuondoa kwa randa, Jumanne asubuhi, ukaanguka miguuni pangu kama maganda ya vitunguu.

Siku hizi picha yake isiyo na uso imetundikwa katika jumba la makumbusho huko Ulaya, na wataalamu wameandika kwamba nilikataa kuchora uso kwa sababu ya usasa. Nawaachia. Mtu aliyefukuzwa kazi bandarini, kisha hotelini, hakatai sifa ya bure.

Ilikuwa Stanleyville, mwaka 1957. Madame Odile, mwalimu wetu wa karakana ya sanaa, alitufundisha kuchonga picha: kila rangi na ubao wake, kisha zote zinagandamizwa juu ya karatasi moja. Akataka kila mmoja alete sura ya mtu. Nikamchonga mama, Mwanahamisi: ubao wa njano kwa kitambaa cha kichwa, wa kijani kwa kikwembe alichojifunga, mwekundu kwa ardhi aliyokalia. Wa nne, mweusi, ulikuwa wa macho, pua na mdomo.

Jumatatu mama akaniletea chakula karakanani, akauona.

“Amuri, uso wangu unafanya nini ku ile mbao?”

“Mama, ni kazi.”

“Siku ya kiama Mungu atakuambia: mupe roho. Utamupa roho gani, weye mwenye kuamuka asubuyi inakushinda?”

Wenzangu wakacheka. Hata mimi. Mama hakucheka.

“Bon. Alhamisi masua inashuka na mto mpaka Isangi. Kama uso ungali pale, mi naenda kwa kaka yangu. Sirudi.”

Nilimjua. Baba naye aliambiwa neno kama hilo, bila kelele, akalipuuza. Alikufa akimngoja.

Basi nikashika randa, nikijua huenda nafukuzwa mara ya tatu. Nilichapa zile mbao tatu zilizobaki. Madame Odile akaitazama karatasi, kisha akapiga makofi: “Enfin, Amuri! Hatimaye!” Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nikayameza.

Nakala moja nikaipeleka nyumbani. Mama akaishika mbali na macho, muda mrefu. Nilisimama mlangoni kama mshitakiwa.

“Huyu mwanamuke,” akasema, “mugongo iko inamuuma sana.”

Nikaitazama tena. Kweli, alikuwa ameegemea upande mmoja. Nilimchonga jinsi alivyokaa kila siku, wala sikuwahi kumuuliza.