Jezi ya Arobaini na Saba

Janelle Hruska aliiona ile beji kabla hajamwona aliyeivaa. Ilikuwa kubwa kama kisahani cha chai, imebanwa kifuani mwa Lavonda Pettigrew, na ndani yake mwanawe Kendrell alikuwa anacheka na meno yote nje, amevaa jezi ya kijani yenye namba arobaini na saba.

"Bi Janelle!" Lavonda alimkumbatia mpaka kofia ikamvuka. "Nimeendesha usiku kucha kutoka Arkansas. Miguu siisikii, mgongo siusikii. Lakini leo namwona mwanangu anacheza, hata kama nitarudi nimebebwa."

"Karibu, mama. Karibu sana."

"Baridi gani hii? Ni Oktoba, jamani! Nyie mnaishije huku?"

Janelle alicheka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kucheka. Aliyecheza na namba arobaini na saba alikuwa Brock Ostrander. Janelle alimjua Brock, alimjua na baba yake, na alijua kwamba Kendrell Pettigrew hajawahi kukanyaga uwanja ule siku ya mechi. Timu ya Chuo cha Wexley, ya futiboli ya Kimarekani ya helmeti na kugongana, ilikuwa na vijana mia na arobaini, na namba za jezi zinaishia tisini na tisa, kwa hiyo wengine walipewa namba moja wawili wawili. Sheria haikatazi, mradi wasiingie uwanjani pamoja. Lakini jezi za mechi zilikuwa sitini tu. Waliobaki walifanya mazoezi alfajiri, wakabeba magodoro ya kugongana, na Jumamosi walikaa majukwaani kama watu wengine.

Kuhusu picha hakuwa na wa kumlaumu. Kila Agosti kila kijana, awe atacheza au hatacheza, alivishwa jezi safi, akapigwa picha, na picha ikatumwa nyumbani. Wazo lilikuwa la Janelle. Mama akiipata anaionyesha kanisani, kazini na saluni, na mwaka unaofuata jirani analeta mwanawe. Rais wa chuo alimsifu kwa hilo mbele ya wote.

Kabla ya futiboli Wexley ilikuwa inakufa. Bweni moja lilikuwa limefungwa, njiwa wamejaa ndani, na walimu wanaachishwa kazi mmoja baada ya mwingine. Ndipo Rais akairudisha timu. Hakutaka vikombe, alitaka vijana, maana katika vyuo vidogo kama kile mchezaji halipwi kucheza. Analipa ada kama mwenzake. Kila kocha alipewa idadi ya kuleta. Wavulana wakaja, wasichana wakafuata, bendi ikafufuka, na watu wa Tarkton, mji ule ule uliokuwa umekisahau chuo chake, wakaanza kuvaa kofia za kijani hadi kwenye mazishi. Njiwa wakafukuzwa. Ofisi ya udahili ikapona, na Janelle akabaki na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusafiri na Kocha Buckner. Kocha alikaa sebuleni na kijana wakizungumza uwanja. Janelle alikwenda jikoni kwa mama. Hakuwa mtu wa maneno matamu; alikuwa anasema kwa kifupi, anaosha vyombo huku anasema, na akina mama walimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Jikoni kwa Lavonda alisema, "Mimi ni mama. Nitamwangalia." Lavonda akafuta mikono, akasema, "Basi mchukue."

Sasa walikaa pamoja safu ya nne, katikati ya wazazi. Janelle alikuwa amemnunulia kikombe cha maharage na nyama yenye pilipili, na juu yake mkate wa mdalasini uliopakwa sukari.

"Hii keki ni ya baadaye?"

"Hapana, vinaliwa pamoja."

"Pamoja?" Lavonda alimgeukia mzee aliyekaa nyuma yao. "Baba, na wewe unakula maharage na keki?"

"Tangu shule ya msingi, mama."

"Poleni sana," alisema Lavonda, na safu nzima ikacheka. Mechi haijaanza, na tayari walimpenda.

Timu ziliingia. Kwa baridi ile wachezaji walivaa fulana za mikono mirefu na glavu, na ndani ya helmeti mtu ni mtu tu. Lavonda alitafuta namba, akaipata, akasimama.

"Yule! Yule pale! Bi Janelle, mbona amepanuka hivi mabega? Mnamlisha nini?"

Janelle alifungua mdomo. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lilikuwa jambo la sentensi moja, na yeye alijisifu maisha yote kwamba haogopi sentensi. Aliwaza: nimwambie hapa, mbele ya watu hawa wote? Mwanamke ameendesha usiku kucha. Aende nyumbani na furaha yake, kuna ubaya gani? Chini ya wazo hilo palikuwa na lingine, nalo alilijua vizuri. Lavonda akijua atamwondoa mtoto, na mtoto aliyeondoka kabla ya Krismasi ni pengo katika hesabu ya ofisi, na pengo lile ni la Janelle kulieleza.

"Wanakula vizuri," alisema.

Katika kipindi cha pili arobaini na saba alimvizia mbeba mpira wa wageni, akamzoa kiunoni na kumbwaga chini kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye vibanda vya chakula. Uwanja ulilipuka.

"Mmeona?" Lavonda alijipiga tumboni kwa viganja vyote viwili. "Hapa! Alitoka hapa! Kilo nne na nusu, na nikamsukuma mwenyewe!" Kisha akawageukia wale wageni chini. "Wee mrefu! Mwambie mama yako akufundishe kukimbia!"

Watu walimpongeza. Mzee wa nyuma alimpa mkono. Lavonda aliketi, akalia kidogo kwenye leso ya karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Baba yake angekuwepo." Janelle alitazama viatu vyake.

Dakika za mwisho alinyanyuka. "Ngoja nikakuletee Kendrell, msije mkapotezana na huu umati. Nisubiri pale kwenye uzio."

Alimkuta pale alipodhani atamkuta, kwenye chumba cha kufulia jezi nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya mashine ya kukausha kwa ajili ya joto. Alikuwa na begi la timu miguuni. Alipomwona Janelle akashuka haraka.

"Bi Janelle, usimwambie. Tafadhali."

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Sikumdanganya mwanzoni. Nilimwambia nimepewa namba, na nilipewa kweli. Kisha akaniuliza kama nimecheza, nikasema kidogo. Akawaambia kanisa zima, mchungaji akanitaja kwenye mahubiri. Sasa ningesemaje?"

"Ungesema ukweli."

Kendrell alimtazama. Hakuwa kijana wa kujibu wakubwa. "Kama Kocha alivyosema?" aliuliza. "Kwamba nafasi ya beki inaningoja?"

Kule nje filimbi ya mwisho ilipigwa, bendi ikaanza. Alikuwa mwanamke wa vitendo, na mikono yake ilianza kufanya kazi kabla hajaamua lolote.

"Hata jasho huna," alisema. "Inama."

Palikuwa na pipa la maji ya barafu lililorudishwa kutoka uwanjani. Aliyachota kwa viganja akamlowesha kichwa, shingo na masikio, akamfikicha nywele kama mtu aliyetoka kuoga. Kendrell alishtuka na kuvuta pumzi kwa meno.

"Imetosha, Bi Janelle. Inachoma."

"Bado. Vua koti. Nani anatoka kwenye mechi na koti limefungwa mpaka kidevuni?" Alimfunga taulo la timu shingoni, akampaka tope kidogo kwenye kiwiko kutoka kwenye kiatu cha mtu. Alifanya vizuri. Alikuwa amewaandaa watoto kwa maonyesho ya shule miaka mingi, na mikono ilikumbuka. Alipomaliza alirudi hatua moja kumtazama, na kwa nukta moja akaridhika na kazi yake. Nukta hiyo ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko yote.

Kwenye uzio Lavonda alimrukia mwanawe. Alimshika mashavu, akambusu paji la uso, akamvuta tena kifuani.

"Umemwangusha yule mtu kama gunia la viazi! Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Umeumia? Nionyeshe bega."

"Sijaumia, mama."

"Nilijua tu. Nilisema, huyu ana nguvu za babu yake." Alimpapasa kichwa, kisha mkono ukasimama. "Mbona baridi hivi? Hakuna maji ya moto huko?"

"Yaliisha," alisema Kendrell.

Hapo mlango wa vyumba vya kubadilishia ukafunguka na wachezaji wakaanza kutoka, wananuka jasho na dawa ya kuchua, vichwa vinafuka mvuke kwenye hewa ya baridi. Brock Ostrander alikuwa wa tatu. Nywele zake zilikuwa za rangi ya karoti na uso mwekundu, na jezi ameivua, ameitupia begani. Arobaini na saba ilining'inia mgongoni mwake, nyasi zimeganda juu yake. Mama yake alikuja mbio kutoka upande wa pili, naye alikuwa na beji.

Lavonda aliitazama ile jezi mpaka Brock alipopita. Kisha alimtazama mwanawe, taulo kavu, tope la kiwiko kimoja. Aliinua mkono wake mwenyewe uliolowa, akaunusa.

"Hili si jasho," alisema.

Kendrell aliinamisha kichwa. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye ncha ya pua.

"Nani amemmwagia mwanangu maji kwenye baridi hii?"

Janelle alikuwa amevaa sweta la kijivu. Mikono ya sweta ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, imegeuka nyeusi kwa maji, na hapakuwa na mahali pa kuificha.

"Mimi," alisema.

"Wewe."

"Ndiyo."

Lavonda hakupiga kelele. Janelle alitamani apige. Lavonda alivua koti lake mwenyewe, akamfunika mtoto kichwani, akaanza kumkausha kwa nguvu, kama mtu anavyomkausha mtoto mdogo, na Kendrell, mrefu kuliko wote wawili, aliinama akaacha akaushwe.

"Mama, nisamehe. Nilitaka tu—"

"Nyamaza kwanza. Utashikwa na kichomi. Ya kwako tutaongea njiani." Alimwongoza mpaka kwenye gari, akamkalisha, akawasha hita ya gari, akafunga mlango. Janelle alifuata nyuma mpaka kwenye lami bila kujua kwa nini anafuata. Lavonda alisimama mbele yake na blauzi tu, anatetemeka.

"Ulikaa na mimi pale mechi nzima."

"Ndiyo."

"Nikijipiga tumbo kama mwendawazimu."

"Mama Kendrell, nilifikiri nikikwambia mbele ya watu—"

"Usinipambie maneno. Wewe hupambi, ndiyo maana nilikupa mtoto." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Una mtoto wewe?"

"Ninaye. Mmoja, wa kiume."

"Mkubwa?"

"Wa umri wa Kendrell."

"Anacheza?"

"Alikuwa anacheza. Alipokuwa sekondari."

"Na anasoma hapa?"

Watoto wa wafanyakazi walisoma bure Wexley. Mwanawe alitaka kuja. Kocha Buckner mwenyewe alimtaka, alimtumia hadi kofia. Janelle ndiye aliyeirudisha kofia. Ilikuwa wakati wa chakula cha jioni, na alisema maneno ambayo hajayasema jikoni kwa mtu mwingine yeyote: kule watakutumia kujaza kitanda cha bweni, mwanangu, utapoteza miaka yako. Nenda chuo cha jimbo ukasome uhandisi. Mtoto alinuna wiki nzima, kisha akaenda.

Angeweza kusema kwamba Wexley haina uhandisi. Ilikuwa kweli, na ingetosha.

"Hapana," alisema. "Nilimkataza."

Lavonda alitikisa kichwa polepole. Nyuma ya kioo Kendrell alikuwa anatazama mbele, koti la mama yake kichwani.

"Wenzake huyu ambao hawachezi. Wako wengi?"

"Wako wengi."

"Na mama zao wamekuja leo?"

"Baadhi."

"Wanajua?"

Kutoka langoni Kocha Buckner alikuwa anampungia mkono. Alikuwa amesimama na mume na mke wenye nguo za kusafiria na kijana wao mnene wa mabega, waliokuja kukitazama chuo, na alionyesha kwa kidole kwamba mama yule ndiye anayemngoja. Janelle alijua kila neno ambalo angemwambia.

"Basi nenda kawaambie," alisema Lavonda. "Bado hawajatawanyika."

Janelle aliangalia langoni, akaangalia majukwaa. Miguu haikwenda popote. Lavonda alimpa muda, muda wa kutosha kabisa, kisha akafungua mlango wa gari.

"Kaa hapo, usizime hita," alimwambia mwanawe. "Narudi."

Akaanza kutembea kurudi uwanjani, mabega wazi kwenye upepo, akimpita Kocha na mkono wake uliokuwa bado umenyanyuliwa. Alimgusa begani mama wa kwanza aliyemkuta, yule akageuka na kutabasamu. Janelle alibaki kwenye lami, mikono ya sweta imeanza kukakamaa kwa baridi. Hakumzuia. Hakumfuata pia.