Jina Linaloitwa Mara Moja

Wali maharage, ugali sangara, ndizi nyama, chai mbili, moja bila sukari. Adelfina aliyabeba maagizo hayo kichwani kutoka meza za mbele, na alipofika kwenye dirisha la jiko akakuta kichwa kitupu. Hakusahau chai tu. Alisahau hata kilichomleta pale.

"Sema basi, moshi unanimaliza," alisema Bukuru, mpishi.

"Ngoja nikaulize."

"Tena?"

Katika mgahawa wa Bi Swabaha, pale Nyakanazi, hakuna kuandika. Oda hubebwa kichwani, na mhudumu anayeuliza mara mbili huonekana hafai. Zamani Adelfina ndiye aliyekuwa sifa ya mgahawa; madereva wa malori walimtajia vyakula kwa fujo makusudi, wakashindwa wao. Lakini mchele na mafuta vilipanda bei, mwenzake akaachishwa kazi, meza zote zikawa zake. Na kichwa nacho kikachagua wakati huohuo kumgeuka.

"Sista, ndizi zangu zimekwama mpakani Rusumo zinasubiri muhuri?" dereva mmoja alimtania. Wenzake wakacheka. Adelfina naye akacheka.

"Fina."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na shingo yake. Hakuitika. Bibi yake, aliyetoka Burundi na kulima kijijini Kaniha mpaka uzeeni, alimfundisha tangu mdogo: usiitikie jina lililoitwa mara moja, mwenye haja nawe ataita tena. Lilikuwa fundisho la usiku, la kuogopa wachawi. Sasa alilitumia mchana kweupe, maana ndilo pekee lililomwonyesha yupi ni mtu. Ile sauti nyingine, isiyo na mtu, iliyoanza kumwandama siku hizi, huita mara moja tu.

"We Fina! Nakuita unaninyamazia, umeota mapembe?" Kumbe safari hii alikuwa Bi Swabaha mwenyewe, kasimama mlangoni nyuma yake.

"Abee, mama. Nisamehe."

"Kiburi hukuwa nacho, mwanangu. Nikikuita ukaninyamazia tena, vua hiyo aproni uende kwenu."

Kwao kulikuwa kumebaki bibi, na bibi alikula kwa aproni hiyo.

Mchana, wateja walipopungua, aliomba ruhusa akaenda kituo cha afya. Malaria hakuna, alisema tabibu. Ndipo Adelfina akamweleza yote, mara ya kwanza kuyatamka mbele ya mtu.

"Unamwona huyo anayekuita?"

"Hapana, namsikia tu. Na mambo yananitoka kichwani, daktari. Naogopa."

"Unamjibu?"

"Hapana."

"Unaoga, unakwenda kazini?"

"Nakwenda. Kwa shida."

Tabibu aliweka kalamu mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na foleni ilifika hadi uani. "Basi wewe mzima. Dawa za akili zinatufikia kidogo, tunawapa wanaoletwa wamefungwa kamba mikononi. Siku ukianza kumjibu, ndugu zako wakulete. Chukua panadoli hizi."

Adelfina alitaka kumuuliza kama moto huzimwa nyumba ikishakuwa majivu. Lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia.

"Asante, daktari," alisema.

Aliporudi, malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani na meza zimejaa. Alitembea akinong'ona oda midomoni, asidondoshe hata moja. Ugali sangara. Ugali sangara, wali maharage.

"Fina."

Alisimama, sahani mkononi. Bi Swabaha alikuwa kaunta, amempa mgongo. Adelfina akasubiri kama alivyofundishwa.

"Fina."

Mara ya pili. Kwa upole, kama mtu mwenye haja naye.

Aliangalia midomo ya madereva. Wote walikuwa wakitafuna. Bukuru alikuwa akipuliza moto. Kama aliyeita ni Bi Swabaha, na Adelfina akanyamaza, kazi imekwisha. Na kama siye? Bibi hakumfundisha cha kufanya baada ya mara ya pili.

"Abee," aliitika.

Madereva wa meza ya mbele wakainua vichwa. Bi Swabaha akageuka taratibu, kitambaa cha kufutia mkononi, na hasira yote ya asubuhi haikuwepo tena usoni mwake.

"Fina, mwanangu," alisema, "nani amekuita?"