Tairi Kipara

Binti yangu alianguka na baiskeli siku ya mvua, pale kwenye kivuko, juu ya mistari myeupe. Goti lilichubuka, suruali ikapasuka. Lakini kilichoniuma ni kwamba akiwa bado amekaa ukingoni mwa barabara, simu ya kwanza alimpigia mke wa baba yake.

"Yeye anaendesha baiskeli, Mama," alijitetea nilipokuwa namwosha goti. "Nilitaka kujua nimekosea wapi."

"Na mimi napanda nini, ungo?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Baba yake tuliachana zamani, hakuna aliyemrushia mwenzake sahani. Mwanamke aliyekuja baada yangu ni mpima macho. Huenda kazini kwa baiskeli, mvua jua, na kofia ngumu ya rangi ya limau kichwani. Binti humwita Mama Mdogo, na jina hilo nililikubali. Ila tangu binti apate kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akapewa na ile baiskeli ya mbio ya baba yake, yenye magurudumu membamba kama mkanda, nyumbani kwangu husikii kingine. Mama Mdogo kasema kiti kipandishwe. Mama Mdogo kasema breki zikazwe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa baiskeli, kumbe, una mwenyewe.

Matairi yale yalikuwa yamezeeka, mpira umepasukapasuka ubavuni. Kubadilisha ilikuwa lazima, nami nikaamua nitachagua mimi. Nina stashahada ya ujenzi na kazi yangu ni kuuza vigae. Kama kuna kitu ninachokijua duniani, ni utelezi. Mteja wa bafu simuuzii kigae kinachong'aa, namuuzia chenye mikwaruzo. Basi nikatoka mapumziko ya mchana, nikaenda nikanunua matairi mawili yenye kashata ndefu, meno kama ya mamba.

Jumamosi asubuhi nafungua mlango, nani? Mama Mdogo, na matairi yake mawili begani. Mapana kidogo kuliko yale ya zamani, meusi, laini tupu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipara hivyo unavipeleka wapi?"

"Ndiyo ya mvua haya, dada. Mpira wake ni laini, unashika lami. Kashata ni za matope."

"Gari likiwa na tairi kipara, trafiki anakamata."

"Gari lina matairi mapana na linakwenda mbio, maji yanaweza kulibeba. Baiskeli haiwezi kubebwa na maji ya barabarani."

"Na mwanangu hawezi kuwa wa majaribio."

Binti alisimama katikati yetu na mswaki mdomoni. Akanitazama, akamtazama mwenzangu.

"Nitafunga ya Mama," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Asante, Mama Mdogo. Yaache tu hapo."

Nilikuwa nimeshinda. Mama Mdogo akaaga kwa ile adabu yake inayoudhi, akaondoka. Wivu wa mtu mwingine ungeridhika hapo, ukalala. Wangu ulitaka video ya kumtumia huyo mpima macho ajionee kwa macho yake.

Dukani kwetu tuna ubao. Tunalaza kigae juu yake, tunakilowesha maji, tunaweka ndala, na juu ya ndala mfuko mdogo wa gundi ya vigae. Halafu tunainua ubao upande mmoja, taratibu, mpaka ndala iteleze. Mteja haambiwi neno, anaona mwenyewe. Mchana huo nilikuwa na zamu, nikaenda na tairi langu moja na lake moja.

Nilichagua kigae cheupe, laini kama ile rangi ya kivuko. Simu nikaiegemeza kwenye ndoo, ikaanza kurekodi. Nikaanza na lake, ili lianguke kwanza. Nikainua ubao. Nikainua tena. Likakaa kama limeshonwa.

Nikaweka langu. Sijafika hata nusu ya pale, likateremka mpaka sakafuni na mfuko wake.

"Dada, siku hizi tunauza na matairi?" akauliza kashia.

"Hudumia wateja wako."

Nikabadilisha mfuko. Nikaongeza maji. Nikatafuta kigae cha nje, kile cha kukwaruza. Ikawa vilevile. Meno yangu ya mamba yaligusa kigae kwa ncha tu. Lake lilijilaza lote, kama kiganja kwenye meza.

Nikafuta video.

Kashia hakuelewa alichokiona, na mwingine hakutazama. Ningenyamaza, na Jumatatu binti angetoka na matairi ya mama aliyemzaa. Njiani nilijiambia vigae si lami. Nikajiambia na yeye aendeshe polepole. Matone yakaanza kuanguka nikiwa nimefika kwenye kivuko kile, lori likanipita karibu likinirushia maji. Siku ile aliyoanguka, nyuma yake hakukuwa na gari.

"Leta baiskeli," nilimwambia nilipoingia.

"Fundi atakuja kesho, Mama."

"Fundi wa nini? Leta."

Nikang'oa matairi makuukuu, nikavalisha jipya la kwanza kwenye ringi kwa vidole gumba, nikalipiga pampu. Binti akaangalia vizuri.

"Mbona hayo ni ya Mama Mdogo?"

"Nimeyapima. Yanashika kuliko yangu."

"Umeyapima wewe?"

"Umesikia. Shika gurudumu."

Uso wake ukafunguka kama dirisha. Nilidhani atanikumbatia. Akakimbilia simu.

"Ngoja nimwambie!"

Akaweka spika, na sauti ya mwanamke yule ikajaa nyumbani kwangu. "Jamani, dada! Asante sana. Ila usilijaze upepo likawa jiwe, eeh? Ukibonyeza kwa kidole, lisikie, libonyee kidogo."

Nilikuwa nimelijaza likawa jiwe.

"Najua," nikajibu.

Binti akabonyeza tairi kwa kidole. Halikusikia. Akauma midomo ili asicheke. Nikawapa mgongo wote wawili, yeye na simu yake, nikagusa vali. Upepo ukatoka. Kidogo tu.