Shangazi Hana Gia ya Kwanza

Kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwangu, ikanywa chai yangu, ikamaliza sufuria nzima ya viazi vyangu, halafu ikaamua bila kuniuliza kwamba binti yangu Maxine atapelekwa kanisani na gari la Munyi. Munyi ni binamu ya bwana harusi, mtu wa Embu, kijana wa ofisini mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Gari lake ni jeupe, jipya, la Kijerumani, na lina kasi ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake.

Mimi ni Kailemia, mkulima wa viazi hapa Kibirichia. Siku ya harusi yake nilikuwa nimeingojea tangu nilipomtoa Maxine hospitalini akiwa amefungwa blanketi la manjano. Nilimtoa na Shangazi. Shangazi ni gari langu la Kijapani, buluu, lenye turbo na gia tano za mkono, nililouziwa na daktari mmoja aliyekuwa analiogopa. Nililipa jina hilo kwa sababu linagombana na kila mtu lakini halikosi sherehe. Lilimpeleka Maxine shule miaka yote. Alikuwa akikaa nyuma, katikati kabisa, nami namwangalia kwenye kioo mpaka ananigombeza: "Baba, angalia mbele!" Sasa nilitaka jambo moja tu, nimwendeshe mimi mwenyewe hadi mlango wa kanisa. Nikiitwa mbinafsi, naitika.

"Usikasirike, Baba," Maxine aliniambia kamati ilipoondoka. "Ni siku moja tu. Gari ya Munyi haina story mingi."

"Na Shangazi ana story gani?"

Alinitazama, akaenda kuosha vikombe.

Ukweli ni kwamba Shangazi alikuwa na stori moja, na niliamini naijua peke yangu. Gia ya kwanza ilikuwa imekufa tangu Aprili. Nilipoisikia ikisaga meno nilimpelekea Burale, anayeuza giaboksi kuukuu pale Majengo, Meru mjini. Burale aliingia chini ya gari, akatoka, akajipangusa mikono polepole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mzee, hii gari ni injini ya simba, meno ya kuku," akasema. "Hata ikiwa mpya giaboksi yake ilikuwa glasi. Nimekufungulia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara nne. Nikipata gia ingine nitakupigia."

Hajapiga hadi leo. Nami sikumwambia mtu, hata mke wangu Ruguru. Ningeanzia wapi? Miaka yote nimesimama sokoni nikiwahubiria watu kwamba magari ya zamani hayafi, kwamba haya ya siku hizi ni simu zenye magurudumu. Mtu hawezi kurudi kwenye mkutano wake mwenyewe akasema samahani, gari lisilokufa limekufa kidogo. Kwa hiyo nikawa naegesha nikielekea mtelemko, naliachia liteleze, natia gia ya pili, twende. Nikiulizwa, nasema hiyo ni desturi ya madereva wa mashindano. Mashindano pekee niliyowahi kuingia ni kufukuza basi lililoondoka na koti langu.

Gari la Munyi nalo nililijua. Siku waliyoleta mahari alinizungusha nalo mpaka Meru mjini, tukapita Kinoru uwanjani, tukarudi. Nilitafuta kijiti cha gia kwa mkono, nikashika chupa ya maji.

"Mzee, hii ina clutch mbili," Munyi akanieleza. "Gia moja ikishika, ingine iko ready inangoja. Unabadilisha na hivi vijiko viwili hapa kwa steering, ama unaiacha ijibadilishie."

"Na pedali ya klachi iko wapi?"

"Hakuna."

Klachi mbili, pedali hakuna. Ni kama mtu mwenye wake wawili na hana nyumba. Lakini sitasema uongo, lilipoondoka pale kwenye lami ya Kinoru, shingo yangu ilibaki nyuma na mwili ukatangulia. Gia zilipita hata sikuzihesabu. Nikasifu mlio wa injini, maana nina adabu, naye Munyi akacheka akaniambia sehemu ya mlio huo inatoka kwenye spika. Injini yenye nguvu zote hizo, halafu inaimba kwa kanda!

"Na ikiharibika?" nikamuuliza tuliposhuka.

"Hizi hazinaga shida, mzee. Imetengenezewa mateso. Unaipiga launch, unaifyatua ikiwa imesimama, asubuhi mpaka jioni, inakuangalia tu."

Hapo ndipo roho iliponiuma. Lake lilikuwa na kasi kuliko langu, lilikuwa imara kuliko langu, na lilikuwa na gia ya kwanza. Nilichobaki nacho ni mkono wangu wa kushoto. Nikiendesha Shangazi, mkono huo hupata habari zote kupitia kile kijiti: mafuta yamepata moto, barabara imelowa, turbo inaamka. Gari la Munyi linakupeleka vizuri sana, ila halikuambii neno. Lakini nani atanunua hoja kama hiyo kwenye kamati ya harusi?

Siku ya harusi ukungu ulikuwa umekalia mashamba. Munyi alifika na gari limefungwa riboni, akaingia uani kwa mbwembwe, akamfungulia Maxine mlango. Mabasi ya wageni na lori la viti yalikuwa yametangulia. Yalibaki magari mawili tu, lake na Shangazi, aliyekuwa kibandani akiangalia mtelemko wa mtoni kama kawaida yake. Mpango wangu wa siri ulikuwa huu: wakishaondoka, nitamsukuma atoke, nichukue mbio kwenye ua, nikiingia barabarani niko gia ya pili, nipande mpaka kanisani bila kusimama.

Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia Munyi kuhusu dada yangu.

Dada yangu anaitwa Mukiri, jina ambalo kwetu maana yake ni mtu mnyamavu, na wazazi wangu hawajawahi kukosea zaidi ya hapo. Kwetu bibi harusi haondoki nyumbani kwa mwendo wa ambulensi. Shangazi zake wanaishika barabara, wanaimba, wanacheza hatua mbili mbele na moja nyuma, wakichoka wanasimama wakisifu ukoo, na gari linawafuata hivyo hivyo mpaka kanisani. Dereva anayepiga honi anaimbiwa mama yake. Na kutoka lango langu hadi kanisa ni mlima mtupu.

Munyi akaanza. Akasogea kidogo, akasimama. Mukiri akageuka, akamchezea mbele ya taa, akaenda. Munyi akasogea, akasimama. Sasa gari lile linapotambaa hivyo mlimani, klachi haishiki wala haiachii, inabaki imechuchumaa nusunusu, na mtu hana pedali ya kuipumzisha. Liliundwa lifyatuke. Mafundi waliolijaribu kwa mateso yote hawakuwahi kumjaribu Mukiri.

Hawakufika hata kwenye mikaratusi ya jirani. Harufu ya kuungua ikatangulia, kisha gari likatetemeka, likarudi nyuma kidogo, Munyi akavuta breki. Nilipofika dirishani, kioo cha dashibodi kilikuwa chekundu.

"Inasema giaboksi imepata joto," Munyi akasema. Ndevu zilikuwa pale pale lakini uso ulikuwa umehama. "Inaomba ipoe, mzee. Kama nusu saa hivi."

"Inamwomba nani?"

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi furaha mbaya, ile ya kumwona mtu mwenye viatu vipya akikanyaga tope. Ruguru alikuwa kwenye simu na mchungaji, ambaye alikuwa na harusi nyingine Timau na alitaka kujua kama yetu ipo au imeahirishwa. Maxine akashuka na gauni lake mkononi. Watu wote wakanigeukia mimi. Ndipo nikakumbuka gia ya kwanza, na furaha ikanitoka yote.

"Mama Maxine, ingieni," nikasema, maana ningesema nini tena? "Mukiri, toeni watu barabarani. Nataka kuchukua mbio kidogo."

"Bibi harusi akimbizwe kama mwizi?" Mukiri akauliza, na wanawake wote wakapiga vigelegele kumuunga mkono. "Utaendesha nyuma yetu, na utaendesha polepole!"

Tukamsukuma Shangazi mpaka langoni, pua ikiangalia mlima. Ruguru akakaa mbele. Maxine akaingia nyuma, katikati, gauni likajaza kiti chote. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Shangazi akatikisika, akakohoa, akazima. Nikawasha tena, nikakanyaga mafuta zaidi. Akasogea hatua moja na sasa harufu ya kuungua ikawa yetu. Akazima. Vijana wa Embu waliokuja na Munyi walikuwa wameshatoa simu wanapiga video. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na gari.

"Baba," Maxine akaita.

"Ngoja."

"Baba, first haiko. Najua."

Nikamtazama kwenye kioo. "Nani amekwambia? Burale?"

"Si Burale. Tangu Aprili unapaki ukiangalia mto. Hata ulipokuja kuniona kazini Embu ulipaki kwa ule mtelemko wa mochari, ukasema unataka kivuli. Kwa mochari, Baba!"

"Kulikuwa na kivuli."

"Ndio maana nilikubali gari ya Munyi. Sikutaka ushikwe na aibu mbele ya watu. Sasa ona."

Kumbe nilikuwa nimemnunia wiki nzima mtu aliyekuwa ananifichia siri yangu. Ruguru naye hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Nadhani hata kuku wangu walijua.

"Reverse iko?" Maxine akauliza.

"Rivasi ni nzima. Sijaitumia tangu Aprili."

"Si basi ugeuze."

Nikaliachia gari liteleze, nikaligeuza hapo langoni, matako yakaangalia kanisa. Nikatia rivasi. Katika Shangazi hakuna gia yenye nguvu kuliko hiyo, na hakuna inayolia vibaya kama hiyo. Inapiga mlio mwembamba mrefu unaosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Huo haukutoka kwenye spika. Nikaachia klachi, na kile kijiti kikaniambia mkononi, taratibu kabisa, kwamba kimeshika. Shangazi akapanda kinyumenyume.

Wanawake walipoona buti linawajia walisimama kimya, hata Mukiri. Nilijua anatafuta maneno. Kisha akainua sauti: mtoto wetu anaondoka akituangalia, anaondoka na macho yako nyumbani! Wakaupokea wimbo huo wakaucheza mlima mzima, hatua mbili mbele na moja nyuma, na Shangazi akawafuata kwa utii ambao hajawahi kunionyesha mimi. Tukampita Munyi kando ya gari lake. Alivua miwani akainamisha kichwa, kwa heshima au kwa aibu, sikuuliza.

Mtu anayeendesha kinyumenyume hana budi kugeuka. Niliweka mkono wa kushoto nyuma ya kiti cha Ruguru, nikapinda shingo, nikatafuta kioo cha nyuma. Sikukiona. Nilimwona Maxine. Alikuwa anatazama mbele, kupitia kioo cha mbele, akiliona paa letu, kibanda, shamba la viazi, vyote vikishuka na kuwa vidogo. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na alikuwa anacheka, na mapambo ya uso aliyopakwa alfajiri yote yalikuwa yanahama. Nilimpenda mpaka nikasahau kukata kona, Ruguru akanipiga begani.

"Baba, angalia barabara," Maxine akasema.

"Barabara iko nyuma yako. Inama kidogo."

Hakuinama.

Tulifika. Mchungaji alikuwa mlangoni na saa mkononi, na aliona buti linafika kabla ya gari, akaamua kutouliza. Shangazi akatoa mvuke, akazima mwenyewe, na hapo hapo ndipo Burale alipokuja kumchukua kwa kamba baadaye. Gari la Munyi lilipoa kama lilivyosema, likafika kabla ya wimbo wa kwanza kwisha, kimya, bila kasoro yoyote. Sitalisema vibaya tena. Lilisema ukweli kuhusu shida yake mapema, jambo ambalo mimi lilinishinda.

Nilipotaka kushuka, shingo ilikataa. Ilikuwa imekwama kushoto, vile vile nilivyokuja nayo. Mukiri akanipa kichupa cha dawa ya kuchua, akaniambia nijipake haraka kabla hatujaingia. Nikakitia mfukoni. Nikamweka Maxine upande wangu wa kushoto, tukaingia kanisani nikimwangalia yeye, tukatembea njia yote nikimwangalia yeye, na nilipomkabidhi kwa bwana harusi, Munene wake, nilikuwa bado namwangalia yeye. Hakuna picha hata moja ya harusi ile ambayo mimi nimeangalia mbele. Wageni wa Embu walimwambia Ruguru kwamba hawajawahi kuona baba anayempenda binti yake namna ile, naye akawajibu kwamba ni shingo tu.

Ilikuwa shingo. Lakini kile kichupa kilikaa mfukoni mwangu mchana kutwa, na sikukifungua mpaka gari la Embu lilipoondoka naye.